Ushindi Usioshibisha

Hivi mshabiki anaidai timu yake nini? Sisemi anapenda nini, wala anaomba nini usiku wa kuamkia mechi. Nasema anadai, kama mwenye duka anavyomdai mtu aliyekopa unga. Watu wengi huuliza swali hili timu inapofungwa. Mimi nataka tuliulize timu inaposhinda, maana hapo ndipo linapokuwa gumu. Timu inayofungwa kila wiki haina anayeidai kitu; washabiki wake wamekwisha kukata tamaa, wanakuja uwanjani kupiga soga. Inayodaiwa ni ile inayoshinda. Ikishinda mechi tatu inadaiwa ya nne, ikishinda nane inadaiwa ubingwa, na ikichukua ubingwa, bwana, hapo imejifunga kitanzi yenyewe. Mwaka unaofuata ubingwa si zawadi tena, ni kodi ya pango.

Mfano wangu unatoka mbali, Nebraska, jimbo la mashamba ya mahindi lililo katikati ya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu kule jambo hili limetokea waziwazi, tena kwa watu wastaarabu. Ningechukua mfano wa wahuni wavunja viti ungenijibu kwamba tatizo ni uhuni, na mjadala ungeishia hapo. Nebraska hakuna mhuni wa kumsingizia.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Huu si mpira wa miguu tuliouzoea. Wenyewe wanauita futiboli, lakini mpira wake una ncha mbili, unakumbatiwa kifuani, unarushwa kwa mkono, na mguu unaugusa mara chache. Ukiuvusha mstari wa mwisho wa wapinzani unapata pointi 6. Baada ya hapo unapewa nafasi ya nyongeza: ama uupige teke upite katikati ya milingoti upate pointi 1, ama ujaribu tena kuuvusha mstari, kwa kukimbia nao au kwa pasi, upate 2. Shika hiyo 1 na hiyo 2, tutazihitaji. La ajabu zaidi kwetu ni kwamba ninaowazungumzia ni wanafunzi. Ni vijana wa chuo, wengi hawajafika miaka 23, wana mitihani na mikopo ya vitabu kama wewe, lakini Jumamosi wanacheza mbele ya umati ambao klabu nyingi za kulipwa duniani hazijawahi kuuona.

Nebraska haina timu ya kulipwa ya ligi kuu ya mchezo huu. Ina timu ya chuo kikuu, pale Lincoln, makao makuu ya jimbo. Jina lake ni Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Tangu Novemba 1962 tiketi za uwanja wao zimeuzwa zote, kila mechi, zaidi ya mechi 400 mfululizo. Siku hizi wanaingia watu zaidi ya 80,000, wamevaa nyekundu, na kwa saa chache uwanja huo una watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hilo ukiacha Omaha na Lincoln yenyewe. Na wana adabu. Timu ngeni inapotoka uwanjani, hata ikiwa imewafunga, wanasimama wanaipigia makofi. Tukubali kwamba adabu ya namna hiyo haipatikani kila mahali.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1923. Kwenye kona yake kuna maneno yaliyochongwa ukutani, ametunga Hartley Burr Alexander, aliyekuwa profesa wa falsafa wa chuo hicho hicho. Maana yake kwa ufupi ni kwamba utukufu haumo katika ushindi bali katika tendo, wala haumo katika kufika bali katika kucheza. Hebu fikiri: walijenga uwanja wa mpira wakamwita mwanafalsafa auandikie! Siku hizi ukuta kama huo wangempa muuza soda. Kwa hiyo kila Jumamosi umati unapita karibu na maneno yanayosema ushindi si kitu, unaingia ndani, unakaa, na kuanza kudai ushindi.

Alexander hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Cicero, Mrumi, anaeleza mfano wa wanafalsafa wa Kistoa kuhusu mpiga mshale. Kazi ya mpiga mshale ni kulenga vizuri kwa uwezo wake wote. Mshale ukishaachia uta, upepo unaweza kuupeleka, mnyama anaweza kuruka. Kupata au kukosa si mali yake tena. Wema wake uko kwenye kulenga. Mfano mzuri sana, mimi naukubali. Lakini una upungufu mmoja mkubwa kwa mada yetu: Wastoa walimfikiria mpiga mshale peke yake porini. Hawakuweka watu 80,000 nyuma yake.

Sasa tuwaweke. Tarehe 2 Januari 1984 Nebraska walikuwa Miami katika mechi ya Orange Bowl, wakicheza na Chuo Kikuu cha Miami kwenye uwanja ambao wapinzani wao waliutumia kama nyumbani. Msimu mzima walikuwa hawajafungwa: mechi 12, ushindi 12, kwa wastani wa pointi 52 kila mechi. Kocha wao alikuwa Tom Osborne, mtu mpole, mwenye shahada ya udaktari katika saikolojia ya elimu. Huo ulikuwa msimu wake wa 11 kama kocha mkuu na alikuwa hajapata ubingwa wa taifa. Zamani hizo ubingwa haukuwa na fainali. Waliutoa waandishi wa habari na makocha kwa kupiga kura. Miami waliongoza karibu muda wote. Zikiwa zimebaki sekunde 48, Nebraska wakavusha mpira, matokeo yakawa 31 kwa 30.

Ile 1 na ile 2 ndiyo hiyo imefika. Teke moja, jambo ambalo timu hizo hufanikisha karibu kila mara, lingeleta sare ya 31 kwa 31. Muda wa nyongeza haukuwepo katika mchezo wa vyuo miaka ile. Na timu inayoongoza nchi nzima, isiyofungwa, ikitoka sare ugenini, ingekuwa vigumu sana kunyimwa kura. Teke moja, ubingwa wa kwanza wa maisha yake. Osborne akachagua 2. Pasi ikarushwa, mkono wa mlinzi wa Miami ukaigusa, ikaanguka chini. Basi. Miami 31, Nebraska 30, na ubingwa wa taifa wakapewa Miami.

Je, Osborne aliwadhulumu washabiki wake? Jibu haraka kabla hujafikiri, halafu fikiri. Kama mshabiki anadai kombe, basi alidhulumiwa mchana kweupe: mali yake ilikuwa mezani na msimamizi akaichezea kamari. Osborne mwenyewe alishikilia kwamba walikwenda kutafuta ushindi, hawakwenda kutafuta sare. Na watu wa Nebraska, ingawa waliumia, hawakumpiga mawe. Wengi wanausimulia uamuzi ule kwa fahari mpaka leo, kama mtu anavyosimulia babu yake aliyekataa rushwa. Kwa hiyo nadhani ndani ya moyo wao walikuwa wanajua kwamba wanachokidai si kombe. Walidai mtu asiwacheze shere. Alicheza mchezo wenyewe, kama yasemavyo yale maneno ya ukutani, na wakamwelewa.

Laiti ingeishia hapo. Miaka iliyofuata Osborne aliendelea kushinda. Katika misimu yake 25 hakuna hata mmoja alioshinda mechi chini ya 9, jambo ambalo ukimwambia kocha yeyote wa mchezo ule atavua kofia. Lakini manung'uniko yalikuwepo: eti mzee anashinda mechi ndogo, mechi kubwa zinamshinda. Kushinda mechi 9 au 10 kukawa ni kama kuamka asubuhi, nani anakupongeza kwa kuamka? Ubingwa ukaja msimu wa 1994, ukaja tena 1995, ukaja tena 1997, naye akastaafu. Unaweza kusema deni lililipwa. Kumbe ndio kwanza lilikuwa limeandikwa, kwa jina la mtu mwingine.

Kabla sijamtaja huyo mtu, niseme kitu kuhusu lugha yetu, maana nadhani inaona mbali hapa kuliko falsafa ya Kistoa. Tuna neno tamaa. Ukisema fulani amekata tamaa unamhurumia, unatafuta namna ya kumfariji. Ukisema fulani ana tamaa unamshtaki. Neno ni hilo hilo! Ikikatika ni msiba, ikiwepo sana ni aibu, na hakuna aliyetuwekea alama kwamba hapa ndipo tamaa njema inapoishia. Najua tuna matumaini, tuna matarajio, na mwalimu wako wa fasihi atakuletea mengine matatu. Lakini kinywani, mtaani, ni tamaa. Mshabiki mwema wa Nebraska hakulala Jumamosi moja akiwa na matumaini akaamka Jumapili akiwa mchoyo. Alitembea hatua moja moja, na kila hatua ilikuwa ni ushindi.

Frank Solich alicheza Nebraska miaka ya 60, akarudi kuwa msaidizi wa Osborne tangu 1979, na mwaka 1998 akarithi kiti. Hakuharibu. Mwaka 1999 alishinda mechi 12 na kufungwa moja. Mwaka 2001 alishinda 11 mfululizo, kisha Colorado wakamfunga 62 kwa 36, halafu Miami wakamfunga 37 kwa 14 kwenye mechi ya ubingwa wa taifa. Mwaka 2002 ulikuwa mbaya: alishinda 7, akafungwa 7. Akabadilisha wasaidizi, akajipanga, na mwaka 2003 akarudi na ushindi wa mechi 9 dhidi ya 3 za kufungwa. Tarehe 28 Novemba aliifunga Colorado, ile ile ya 62, kwa 31 kwa 22. Kesho yake, tarehe 29, akafukuzwa kazi.

Soma tena ukipenda. Ameshinda 9, jana ameshinda, leo hana kazi. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Steve Pederson, ambaye naye ni mzaliwa wa jimbo hilo, alieleza kwamba hakuwa tayari kuiacha timu iteremke kuwa ya kawaida. Washabiki wengi walikasirika, lazima niwatendee haki. Walisema mtu hafukuzwi kwa ushindi wa 9. Lakini mkurugenzi hakuitoa hoja yake mfukoni. Aliiokota pale pale majukwaani, ilikolala tangu 1997, kwamba kwetu sisi kushinda tu hakutoshi. Yeye aliisoma kwa sauti. Waliposikia sauti yao wenyewe ikitoka kwenye kinywa cha bosi, baadhi yao waliona aibu.

Hapo kwenye "kwetu sisi" pana jambo. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye timu za mchezo huu. Waligundua kwamba Jumatatu baada ya timu kushinda, wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye jina la chuo kuliko Jumatatu baada ya kufungwa. Na walipoulizwa kuhusu mechi iliyoshinda, mara nyingi zaidi walisema "tumeshinda". Kuhusu iliyofungwa, "sisi" ilipungua, wakabaki "wao". Wote tunaijua tabia hii, hatukuhitaji profesa. Lakini tazama matokeo yake kimaadili. Mtu anayesema "tumeshinda" amechukua sehemu ya ushindi ambao hakuutolea jasho. Si dhambi; furaha ya kugawana ni furaha halali, na mchezaji hapungukiwi kitu. Dhambi inaanza anapokataa kusema "tumefungwa". Mshirika wa faida asiyekuwa mshirika wa hasara, kule Kariakoo wana jina lake, na si zuri.

Rafiki yangu mmoja, mbishi kwelikweli, ananipinga hapa. Anasema: sikiliza, mshabiki ametoa jasho. Amenunua tiketi, amesafiri saa tano kutoka shambani kwake, amevaa nyekundu tangu utotoni, na bila yeye hakuna uwanja wala mshahara wa kocha. Kocha amesaini mkataba, analipwa mamilioni ashinde. Asiposhinda vya kutosha aondoke, kama fundi asiyemaliza nyumba. Kuna dhuluma gani hapo?

Hoja yake ina nguvu, siwezi kuifukuza kwa fimbo. Kwamba mshabiki ana haki fulani nakubali. Ana haki ya kuona watu wamejiandaa. Ana haki ya kutouziwa mechi iliyopangwa. Ana haki ya kununa na ya kubaki nyumbani, ingawa Nebraska hakuna aliyeitumia hii ya mwisho tangu 1962. Lakini fundi na nyumba si mfano wa mpira. Matofali hayakupingi. Ukimaliza nyumba yako, jirani hapungukiwi nyumba. Kwenye mchezo upande wa pili kuna vijana wengine, wana kocha wao, wana washabiki wao waliosafiri saa tano, na ushindi wako ndio kufungwa kwao. Kila jukwaa la nchi likidai ubingwa kama haki, basi kila mwaka karibu wote wamedhulumiwa isipokuwa mmoja. Haki gani hiyo ambayo haiwezi kutimizwa kwa watu wawili kwa wakati mmoja? Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa joho la hakimu.

Na kuna swali la nani analipa. Kocha ana mkataba, na hata akifukuzwa analipwa fidia. Solich hakufa njaa; mwaka 2004 alipata kazi Chuo Kikuu cha Ohio, akakaa huko miaka mingi kwa heshima. Lakini matarajio hayachagui mabega. Mwaka 2013 Alabama walikuwa mabingwa wa 2009, 2011 na 2012, na walikuwa wameshinda mechi zao zote 11 za msimu. Tarehe 30 Novemba Auburn wakawafunga 34 kwa 28. Mpiga teke wa Alabama, mwanafunzi, mikwaju yake mitatu siku hiyo haikuzaa pointi: miwili ilikosa, mmoja ulizuiwa. Usiku huo huo akaanza kupokea ujumbe mtandaoni wa watu wanaomtakia kifo na wanaomtishia kumwua. Aliyekuwa Rais, George W. Bush, alimwandikia barua ya kumtia moyo, jambo la kiungwana, lakini jiulize ni nchi gani ambayo rais mstaafu analazimika kumfariji mwanafunzi kwa kukosa teke. Kijana yule alikuwa halipwi mshahara. Alikuwa na ufadhili wa masomo na teke lake.

Rafiki yangu anasema mambo yamebadilika. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Sawa. Ni haki yao, ilichelewa. Ila naona kuna watu wamefurahi kwa sababu nyingine: sasa wana risiti. Zamani ulipomtukana mtoto wa miaka 20 ulikuwa huna pa kusimama; sasa unasema analipwa. Kana kwamba mshahara unanunua na matokeo, kana kwamba yule mlinzi wa Miami wa 1984 angerudisha mkono nyuma kama Nebraska wangekuwa wanalipwa.

Niwageukie kidogo wenzangu tunaoandika, halafu nimalize. Mmoja wetu akitoa hadithi moja nzuri, ya pili tunaisoma tumekunja ndita. Hatuisomi; tunaipima na ya kwanza. Nimeona vijana wawili watatu wenye vipaji wakinyamaza baada ya hadithi moja iliyosifiwa, na sisi tuliowasifu tukasema ameishiwa. Sidhani aliishiwa. Aliogopa wadai.

Turudi Lincoln. Aliyemfuata Solich, Bill Callahan, mwaka wake wa kwanza alishinda mechi 5 na kufungwa 6. Tangu 1961 Nebraska walikuwa hawajafungwa zaidi ya walivyoshinda. Mwaka 2007 Pederson akaondolewa, na nani akaitwa kushika nafasi yake? Osborne yule yule. Akamtoa Callahan. Akaja Bo Pelini, akashinda mechi 9 au 10 kila msimu kwa misimu saba, na mwaka 2014, akiwa na 9 kwa 3, naye akafukuzwa, Osborne akiwa amekwisha kustaafu. Hesabu hiyo naikumbuka vizuri: 9 kwa 3, sawasawa na Solich. Waliofuata walishinda wachache zaidi, kisha wachache zaidi ya hao. Kuanzia msimu wa 2017 mpaka wa 2023 timu haikufikisha hata ushindi wa 6, ambao ndio kiwango cha kawaida cha kukaribishwa kwenye mechi za mwisho wa msimu. Tiketi ziliendelea kuisha.

Tarehe 23 Novemba 2024, uwanja umejaa, Nebraska wakaifunga Wisconsin 44 kwa 25. Ulikuwa ushindi wao wa 6. Watu wazima walikumbatiana majukwaani, nyekundu tupu, waliokuwepo mwaka 2003 na waliozaliwa baadaye, wanashangilia sita.